Miwani ya VR na kupunguza uzito: mwongozo wa wiki 12 kwa nyumba na kliniki za Uganda

Miwani ya uhalisia pepe, ambayo wengi huiita miwani ya VR, ni kifaa cha kuvaa machoni kinachokuonyesha mandhari ya kidijitali pande zote. Haiyeyushi mafuta. Jambo hili ni vyema lieleweke kabla mtu hajatoa hela. Kazi zake katika mwongozo huu ni mbili. Ya kwanza ni kumtoa jasho mtu mzito ndani ya chumba chake mwenyewe, bila macho ya watu na bila kugombania njia na bodaboda. Ya pili, ambayo sisi tunaiona kubwa zaidi, ni kumpa mtu mahali pa kujizoeza kukataa chakula kabla hajakutana nacho. Kilo hupungua kwenye sahani. Miwani humsaidia mtu aimudu sahani hiyo.

Haja ipo. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2016 ulikuta takriban robo ya wanawake wa Uganda wenye miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene uliokithiri. Na hapa kwetu kupungua uzito kuna mzigo wake. Katika miaka ya 1980 UKIMWI uliitwa "slim" kwa sababu ya jinsi wagonjwa walivyokonda, na hadi leo mtu akipunguza kilo kumi majirani huanza kunong'ona. Mwongozo huu unalizingatia hilo.

Hatua ya 1: Upime mwili kabla ya kununua kifaa

Chukua uzito kwa kilo, ugawe kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama wa kilo 92 mwenye urefu wa mita 1.60 anapata 92 ÷ 2.56, yaani karibu 36. Kuanzia 30 kwenda juu ni unene uliokithiri. Kisha kata uzi uliolingana na urefu wako, ukunje katikati, uuzungushe tumboni usawa wa kitovu. Ncha zisipokutana, mafuta ya tumbo yamefikia kiwango cha kuhatarisha moyo na sukari, hata kama mizani inakusifu.

Halafu nenda kituo cha afya ukapime presha na sukari. Usiruke hatua hii. Presha ikiwa 180 kwa 110 au zaidi, hakuna mazoezi ya aina yoyote hadi itulizwe. Mwenye kifafa, au aliyewahi kupata degedege kwa sababu ya taa zinazomulikamulika, asivae miwani hii kabisa. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kilichopandikizwa kifuani aulize daktari wake kwanza, kwa kuwa miwani na rimoti zake zina sumaku na mawimbi ya redio. Mjamzito, aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa macho na mwenye kizunguzungu cha mara kwa mara wasubiri.

Wagonjwa wa kisukari wanaotumia insulini, glibenklamaidi au glimepiraidi wapime sukari kabla ya kila zoezi. Ikiwa chini ya 5 mmol/L (miligramu 90 kwa desilita), ale kwanza kitu chenye gramu 15 za wanga: ndizi mbivu ndogo, au vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji. Ndani ya miwani mtu hatambui haraka kwamba anatetemeka, kwa hiyo dalili za sukari kushuka humfikia zikiwa zimekomaa. Sukari ikizidi 13.9 mmol/L (250) na mtu anajisikia vibaya, siku hiyo apumzike na amwone mhudumu wa afya.

Kuna kundi jingine linalosahaulika. Mtu anayekula chakula kingi mno kwa muda mfupi, mara nyingi kwa siri, akishindwa kujizuia, na hali hiyo ikamjia angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, ana ugonjwa wa kula unaotibika. Mazoezi ya uchu ya hatua ya 6 asiyafanye peke yake. Aanzie kwa mtaalamu wa afya ya akili, awe wa Butabika jijini Kampala au wa hospitali ya rufaa ya mkoa kama Mbarara, Gulu au Arua.

Hatua ya 2: Uchague kifaa

Jambo la kuuliza dukani ni moja: kifaa kinafuata kichwa tu, au kinafuata mwili mzima? Kinachofuata kichwa tu kinajua umegeuka kulia au kushoto, lakini hakijui kama umechuchumaa au umesogea hatua moja. Hicho kinafaa kutazama mandhari ukiwa umekaa. Kwa mazoezi ya jasho unahitaji kinachofuata mwili na mikono.

Kiboksi cha karatasi au plastiki cha kutia simu kiko kundi la kwanza. Ni cha bei ndogo na kinatosha kwa hatua ya 6, mradi simu iwe na jairoskopu. Simu nyingi za bei nafuu hazina, na bila hiyo picha haitageuka unapogeuza kichwa. Jaribu mapema: fungua video ya digrii 360 kwenye simu, kisha uizungushe mkononi. Picha ikibaki palepale, simu hiyo haifai.

Kundi la pili ni vifaa kama Meta Quest 2, 3 na 3S au Pico 4, visivyohitaji kompyuta. Quest 3S ilitoka Oktoba 2024 kwa dola 299.99 za Marekani. Ukiagiza mwenyewe, weka kando VAT ya asilimia 18, ushuru na gharama ya kusafirisha. Ukinunua kilichotumika, kivae kabla ya kulipa na utazame skrini nyeupe. Doa jeusi au mstari wa rangi ya kahawia ni alama ya jua. Lenzi hizi hukusanya mwanga kama kioo cha kuwashia moto, na dakika chache za jua letu la ikweta zikiingia kwenye lenzi zinatosha kuunguza skrini. Doa hilo halitengenezeki. Kwa sababu hiyohiyo kifaa chako kisiachwe dirishani, kwenye dashibodi wala barazani.

Hakikisha pia muuzaji amefuta akaunti yake na wewe umeingiza yako ukiwa palepale. Kifaa kilichofungwa na akaunti ya mtu mwingine ni tofali.

Bando ni gharama isiyotajwa dukani. Sasisho la kwanza na michezo miwili mitatu hufikisha gigabaiti kadhaa, basi pakua kwenye Wi-Fi ya ofisini au ya rafiki. Michezo mingi ya mazoezi unayonunua mara moja huchezeka bila intaneti ikishapakuliwa. Epuka ya kulipia kila mwezi hadi uwe na hakika kwamba utaendelea nayo.

Hatua ya 3: Utayarishe chumba

Unahitaji mita 2 kwa mita 2 zilizo wazi. Muzigo, yaani nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, hutosha ukisukuma meza ukutani. Aprili 2020, mazoezi ya nje yalipopigwa marufuku wakati wa korona, Rais Museveni alijirekodi akikimbia ndani ya ofisi yake na kupiga pushapu, na nchi nzima ikaona kwamba zulia la chumba linaweza kuwa uwanja.

Inua mikono yote miwili juu uzunguke. Ukigusa balbu inayoning'inia, ifunge juu au usogee. Chora mpaka wa usalama sentimita 30 ndani ya ukuta halisi. Usiuchore ukutani penyewe, kwa sababu ngumi huwa imeshafika kabla macho hayajaona onyo. Funga mlango kwa komeo. Watoto hupita chini ya mikono ya mama yao bila yeye kujua, na rimoti ikimpiga mtoto usoni inaumiza vibaya.

Sakafu ya saruji iliyong'arishwa huteleza, na mkeka juu yake huteleza zaidi. Tandika kipande bapa cha mpira wa mazoezi cha kama sentimita 60 kwa 90 katikati. Nyayo zikiusikia, unajua uko katikati. Zikigusa ugumu wa saruji, umehama. Vaa raba. Soksi na kandambili hapana.

Kamera za kifaa zinahitaji mwanga kuona chumba. Umeme ukikatika, mshumaa hautoshi, ila taa ya sola ya kawaida hutosha. Kioo kikubwa cha kabati huzichanganya kamera, kwa hiyo kifunike kwa kitenge. Ukuta mtupu wa rangi moja nao huzitatiza. Tundika kalenda mbili tatu. Betri hudumu saa 2 hadi 2.5, basi chaji umeme unapokuwepo, usisubiri siku ya zoezi.

Nyumba ya bati mchana ni tanuri. Fanya mazoezi kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na mbili jioni. Mwezi wa Ramadhani yahamishie saa moja au mbili baada ya futari.

Hatua ya 4: Uvae ipasavyo

Gramu 500 mbele ya uso si uzito mkubwa, lakini ukivaa vibaya shingo italipa. Kosa la kawaida ni kukaza mkanda wa pembeni hadi mashavu yaumie. Mkanda wa nyuma ushike chini ya kile kifundo cha kisogo, na mkanda wa juu ndio ubebe uzito. Mwenye rasta au nywele zilizosukwa afunge fundo lake lipite kwenye uwazi wa mkanda wa nyuma, lisikae juu ya plastiki. Mwenye hijabu avae ya kitambaa chepesi cha pamba na mkanda upite juu yake. Hijabu ya hariri huteleza, na miwani hushuka kila anapoinama.

Rekebisha umbali wa lenzi hadi maandishi yawe makali. Quest 2 na 3S zina nafasi tatu, milimita 58, 63 na 68. Ukiona ukungu hata baada ya kujaribu zote tatu, sogeza kifaa chenyewe juu na chini usoni. Mara nyingi tatizo liko hapo. Vaa kamba za rimoti kwenye vifundo vya mikono. Mikono ina jasho, na televisheni ni ghali.

Hatua ya 5: Wiki 12 za jasho

Siku ya kwanza ni dakika 10 tu, hata kama unajisikia simba. Kichefuchefu cha miwani hutokea macho yanapoona mwendo ambao sikio la ndani halijausikia. Chagua michezo ambayo wewe umesimama na vitu ndivyo vinavyokujia: Beat Saber ya kukata vibao kwa muziki, au Les Mills Bodycombat ya ngumi. Michezo ya kuendeshwa, kuruka angani au kutembea kwa kusukuma kijiti, iache. Washa feni ikuelekee. Upepo unapoza, na pia unauambia mwili upande gani ndiyo mbele. Kichefuchefu kikianza, vua palepale. Anayejilazimisha amalizie wimbo hujikuta na maumivu ya kichwa hadi usiku, na kesho yake mwili humkatalia hata kuiona miwani. Usiendeshe gari wala pikipiki kabla ya nusu saa kupita.

Ratiba ni hii. Wiki ya 1 na ya 2, dakika 10 kwa siku 3. Wiki ya 3 na ya 4, dakika 15 kwa siku 4. Wiki ya 5 hadi ya 8, dakika 20 hadi 25 kwa siku 5. Wiki ya 9 hadi ya 12, dakika 30 kwa siku 5, ambazo ni dakika 150, kiwango cha chini kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Kila mara tanguliza dakika 5 za kupasha misuli bila miwani: mabega, shingo, vifundo vya miguu. Kila baada ya dakika 10 vua, pangusa uso, unywe glasi moja ya maji.

Jasho lipimwe kwa mazungumzo: uweze kuzungumza sentensi nzima lakini ushindwe kuimba. Saa za kupima mapigo ni nzuri, ila mwenye presha anayemeza atenololi au propranololi asiziamini, kwa sababu dawa hizo hushikilia mapigo chini hata mwili ukiwa umechoka.

Magoti ya mtu wa kilo 110 yanahitaji huruma. Zima vizuizi vya kuchuchumalia katika mipangilio ya mchezo kwa wiki nne za mwanzo, au cheza ukiwa umekaa kwenye kiti imara kisicho na mikono. Baadaye rudisha kuchuchumaa nusu, nyonga isishuke chini ya magoti.

Sasa tufike kwenye hesabu, maana hapa ndipo wengi hudanganyika. Mchezo wa jasho la kati huchoma takriban kilokalori 5 kwa kila kilo ya mwili kwa saa. Mtu wa kilo 90 akicheza nusu saa anapata 225. Ukitoa 45 ambazo angezitumia hata akiwa amekaa, faida halisi ni 180. Chupa ya soda ya nusu lita ina karibu 210. Yaani nusu saa nzima ya kuruka na kutoa jasho imefutwa na chupa moja. Rolex ya chapati mbili na mayai mawili hupita 600 kwa urahisi. Ndiyo maana mazoezi peke yake hupunguza kilo chache, na ndiyo maana tuna hatua ya 6.

Matatizo mawili hujitokeza bila kukosa. La kwanza: mtu anaanza kucheza kwa vifundo vya mikono. Mchezo unampa pointi zilezile, lakini mapaja, ambayo ndiyo misuli mikubwa inayochoma nguvu, yamelala. Dawa yake ni kanuni ya mguu: kila unapopiga, hamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Usiongeze vyuma mikononi. Bega huumia kabla tumbo halijapungua. La pili: karibu na wiki ya nne raha ya ugeni huisha. Badilisha mchezo kabla hujauchoka, na upange siku moja ya kushindana na mtu wa nyumbani, huku picha ikirushwa kwenye simu au televisheni ili wengine watazame.

Kuna mbinu ndogo inayofaa hapa. Mwaka 2009 Jesse Fox na Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha majaribio ambapo watu walimwona mwanasesere wa kidijitali mwenye sura yao akikimbia. Katika saa 24 zilizofuata walifanya mazoezi zaidi kuliko waliomwona akiwa amesimama tu, au waliomwona mwenye sura ya mtu mwingine akikimbia. Basi unapotengeneza mwanasesere wako, mpe sura yako, rangi yako na mtindo wa nywele zako. Usichukue yule mwembamba wa kigeni aliyewekwa tayari.

Hatua ya 6: Kuzoea kukataa

Ubongo hujifunza kufunga pamoja mahali, saa, harufu na chakula. Mtu anayekula rolex kila jioni akishuka teksi Wandegeya, mtaa wa Kampala, hahitaji njaa ili aitamani. Kuona jiko la mkaa na mafuta yakichemka kunatosha. Fundo hilo hulegea mtu anapokaa mbele ya kishawishi mara nyingi bila kula, akasubiri uchu upande, ufike kileleni, kisha ushuke wenyewe. Huko Barcelona, kundi la José Gutiérrez-Maldonado lilitumia mandhari za VR kwa namna hii. Katika jaribio lao lililochapishwa 2017, vikao 6 viliwasaidia watu waliokuwa hawajapona kwa tiba ya kawaida. Wale walikuwa na ugonjwa wa kula kwa pupa au bulimia na walikuwa mikononi mwa wataalamu. Tunayoeleza hapa ni toleo jepesi, la mtu mwenye uchu wa kawaida.

Andika orodha ya mahali na vyakula vinavyokushinda, kila kimoja na alama ya uchu kutoka 0 hadi 100. Mfano: soda kwenye friji ya duka, 35. Kabalagala (vitumbua vya ndizi na unga wa muhogo) za moto kituoni, 50. Kikomando (chapati na maharage) cha mchana na wenzako wa kazini, 60. Rolex ya usiku, 80. Meza ya chakula kwenye kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa), matooke, luwombo (mchuzi uliopikwa ndani ya majani ya mgomba) na nyama ya kuchoma pamoja, 90.

Mandhari zirekodiwe kwa kamera ya digrii 360 yenye lenzi mbili. Kamera hizo zinaweza kukodishwa kwa wapiga video wa harusi. Kwa mtu aliyekaa, weka kamera kimo cha mita 1.2, kwa aliyesimama, mita 1.5. Lenzi moja ielekee chakula moja kwa moja, kwa kuwa picha za lenzi mbili huungwa pembeni, na sahani ikiangukia kwenye kiungo hicho itaonekana imekatika. Chakula kiwe sentimita 60 hadi 80 kutoka kwenye kamera. Rekodi dakika 5 bila kukata. Kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde faili litakuwa karibu gigabaiti 3.75, basi lihamishe kwa waya wa USB, usijaribu kulituma kwa WhatsApp. Mwisho wa jina la faili ongeza _360, programu nyingi za video zitalitambua. Muombe ruhusa mwenye kibanda na kila anayeonekana uso: Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya 2019 inadai ridhaa, na heshima pia inadai.

Kikao chenyewe huenda hivi. Kula mlo wako wa kawaida, usubiri saa mbili. Usije na njaa ya kweli. Kaa kitini, mwenzako awe na kalamu. Taja alama yako. Vaa, angalia chakula chenyewe, usitazame angani wala nyuso za watu. Kila dakika 2 mwenzako anauliza, wewe unataja namba. Itapanda, na hiyo ni dalili kwamba mandhari inafanya kazi. Endelea kurudia video hadi namba ishuke hadi nusu ya kilele chake. Vua. Kwa saa moja inayofuata usile kitu. Mara mbili kwa wiki, kuanzia mandhari ya alama ndogo. Ukimaliza vikao viwili mfululizo ambavyo kilele hakikupita 30, panda ngazi.

Kosa baya kuliko yote ni kuvua miwani uchu ukiwa kileleni. Hapo umeufunza ubongo kwamba njia pekee ni kukimbia, na kwenye harusi hakuna pa kukimbilia. La pili ni kuanza na meza ya kwanjula kwa kujiamini. La tatu ni kutumia mandhari moja tu: uliyoyazoea mbele ya rolex ya Wandegeya hayahamii yenyewe hadi Jinja. Rekodi angalau sehemu tatu tofauti. Alama zikikataa kupanda kabisa, video haikugusi. Weka chapati ya moto kwenye sahani chini ya pua wakati unatazama. Harufu hukamilisha kile ambacho skrini haiwezi.

Mandhari ya mwisho iwe ya watu. Mwombe ndugu aigize mbele ya kamera, akitazama lenzi kama anakutazama wewe:

"Mwanangu, mbona umekonda hivi? Unaumwa? Hebu ongeza matooke, usituaibishe."

Jibu kwa sauti, ndani ya miwani, mara tano sita, hadi litoke bila kigugumizi: "Asante sana shangazi, nimeshiba. Siumwi, napunguza kwa ajili ya presha, daktari ananisimamia." Kisha uliza habari za watoto wake. Mkono mmoja ufunike sahani yako ili kijiko cha pakuo kisifike. Watu wengi wanajua wasile nini. Wanachokosa ni sentensi ya kumwambia ssenga (shangazi) bila kumvunjia heshima, na sentensi hujifunzwa mdomoni.

Matumizi ya tatu ya miwani, kurekebisha namna mtu anavyouona mwili wake, yanahitaji mwanasaikolojia. Giuseppe Riva na wenzake nchini Italia wameyafanyia kazi tangu miaka ya 1990, na wamepata kwamba yakiunganishwa na tiba ya mazungumzo huwasaidia baadhi ya wagonjwa kulinda uzito walioupunguza. Usijaribu nyumbani.

Hatua ya 7: Kifaa kimoja, wagonjwa wengi

Kliniki ya kisukari inaweza kuhudumia wagonjwa 6 kwa asubuhi moja na kifaa kimoja, kila mmoja dakika 20, ukiwa na pawabenki. Ondoa sifongo la usoni, uweke kifuniko cha silikoni. Baada ya kila mtu pangusa silikoni, mikanda na rimoti kwa spiriti ya asilimia 70, uache dakika moja ikauke. Spiriti isiguse lenzi hata kidogo, huzipaka ukungu wa kudumu. Lenzi ni kitambaa kikavu cha miwani, basi. Mwenye macho mekundu arudi siku nyingine. Waliouona mlipuko wa macho mekundu wa 2024 wanajua unavyosambaa.

Mhudumu asimame umbali wa hatua mbili, kando ya mgonjwa. Akihitaji kumgusa, amwite jina kwanza. Mtu aliyevaa miwani akiguswa ghafla hurusha mkono.

Hatua ya 8: Kupima na kuamua

Mizani ileile, mara moja kwa wiki, asubuhi baada ya choo na kabla ya chai. Uzi wa kiuno kila wiki ya nne. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ni mwendo mzuri, na asilimia 5 ya uzito wa mwanzo tayari hushusha presha na sukari. Kwa mama wetu wa kilo 92 hizo ni kilo 4.6. Kilo zikishuka, mrudie daktari apime upya vipimo vya dawa za presha na kisukari, kwa sababu dozi ya kilo 92 inaweza kuwa kubwa kwa kilo 84.

Wiki tatu mfululizo bila mabadiliko: angalia kwanza vinywaji, kisha mafuta ya kupikia (kijiko kimoja kikubwa ni kilokalori 120), kisha mlo wa baada ya zoezi, ule mtu anaoujipa kama zawadi. Miwani iangalie mwisho. Maumivu ya kifua, kuzirai au pumzi isiyorudi baada ya dakika 10 za kupumzika ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Baada ya wiki 12 punguza vikao vya uchu hadi kimoja kwa mwezi, jasho libaki dakika 150. Na ifikapo mwisho wa Novemba, kabla ya Krismasi na msimu wa safari za kijijini, rekodi mandhari mpya za meza zinazokungoja huko, ufanye vikao vinne kabla hujapanda basi.